Iache ipate joto kwanza: maongezi kuhusu kutyuni sinthesaiza za zamani

(Haya ni maongezi niliyotoa Dar mbele ya wapiga kinanda na mafundi wa vifaa vya muziki. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, sijayapamba, palipo na kelele nimeruka.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo. Kabla sijasema lolote naomba niiwashe hii kwanza, saa hizi ni saa kumi na dakika tano, muushike huo muda kichwani maana tutaurudia. Haya, imewaka. Hii mnayoiona hapa mezani ni Minimoog Model D, sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme, sio ile ya kwenye simu wala ya kwenye laptopu, ni yenyewe ya mbao na chuma, na sio yangu, ni ya Mzee wangu yule pale mstari wa mbele, aliyepiga muziki Ulaya miaka mingi akarudi nayo, mimi kazi yangu ni kuitunza tu, yaani mi ndo yaya wake.

Nimeitwa nizungumzie namna ya kuiweka sinthesaiza ya analogi ya zamani kwenye tyuni. Kiukweli ingetosha sentensi moja, iache ipate joto kwanza, alafu tukanywe chai, ila waandaaji wamenipa dakika arobaini kwa hiyo itabidi nieleze na kwanini.

Sikilizeni kwanza. Hapa kwenye paneli kuna swichi imeandikwa A-440, ukiiwasha inatoa noti moja ya kulinganishia, A ya Hertz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ndani kuna osileta tatu, yaani watoa sauti watatu. Nazima wawili, nabaki na wa kwanza, nabonyeza A, nazungusha hii nobu ya Tune taratibu... mnasikia ile uwaa-uwaa-uwaa? Hizo ni sauti mbili zinagombana. Moja ikiwa 440 na nyingine 442 utasikia wimbi linapanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, hesabu yake ni kutoa tu, hakuna siri. Nazungusha tena... uwaaa... uwaaaaaa... limelala. App ya simu ya kupima noti nayo inasoma 440.

Mnapiga makofi ya nini sasa? Nimewadanganya. Mashine imewashwa dakika tatu zilizopita, bado ina baridi, na hiyo 440 yake saa hizi ni kama ahadi ya mtu anayeomba mkopo. Tuiache hapo hapo, nitairudia.

Kidogo tu historia ili mjue umri wa mgonjwa. Minimoog ilizaliwa 1970 kwenye mji mdogo wa Trumansburg, jimbo la New York, kwenye kiwanda cha Robert Moog, na aliyeunga ile ya majaribio ya kwanza alikuwa injinia wake Bill Hemsath. Zilitengenezwa mpaka 1981, zaidi ya 12,000. Maana yake iliyo changa kuliko zote za wakati ule ina miaka zaidi ya arobaini. Ni mtu mzima mwenye presha, ukimuamsha ghafla ukamwambia kimbia, yatakayotokea umeyataka mwenyewe.

Sasa kwanini inahama? Kinanda cha hii mashine kinaongea kwa volti, na kanuni yake ni volti 1 kwa okteva 1. Ukibonyeza A alafu A ya juu yake, volti inaongezeka 1 kamili. Okteva ina semitoni 12, yaani hatua za kutoka kii moja hadi jirani yake, kwa hiyo semitoni moja ni kama milivolti 83, na semitoni moja tunaigawa senti 100, kama shilingi yetu tu, kwa hiyo senti moja haifiki hata milivolti 1. Sasa fikiria vumbi kidogo kwenye swichi, soketi imeota kutu, pawa saplai imechoka kidogo, milivolti 5 zimeshapotea na pale kwenye kwaya mama wa soprano ameshakugeukia na jicho.

Alafu ndo tunafika kwa mchawi mwenyewe. Osileta haijui okteva ni nini, inachojua ni mkondo wa umeme, mkondo ukiwa mara mbili noti inapanda okteva moja. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu katikati wa kugeuza "ongeza volti moja" iwe "zidisha mara mbili", na huyo mtu ni transista ya kawaida kabisa, kile kipande kidogo kinachoamua mkondo upite kiasi gani, maana ndivyo ilivyoumbwa, ukiiongezea karibu milivolti 18 tu kwenye bezi, mguu wake wa kuamrishia, mkondo wake unakuwa mara mbili. Wajanja wa miaka ya 60 wakaona ahaa, tunaipunguza ile volti 1 kwa resista, kile kizuizi cha umeme, mpaka zibaki milivolti 18, tunamkabidhi transista, kazi imekwisha. Kumbe ile 18 haikai 18. Kwenye nyuzi joto 20 ni kama 17.5, kwenye nyuzi joto 35 ni kama 18.4. Yaani ndani ya chombo chako cha muziki kuna kipimajoto kimejificha na hakuna aliyekuambia wakati unanunua.

Mtasema tofauti yenyewe ndogo. Haya pigeni hesabu. Ni kama asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya joto. Okteva tano ni semitoni 60. Chumba kikipanda nyuzi 10, hiyo ni asilimia 3.3, ya 60 inakuwa semitoni 2 nzima. Noti ya chini umeishika C vizuri, unapanda okteva tano unakutana na B flati imekukalia. Na hapo hakuna kilichoharibika, kila kitu ndani ni kizima, ni fizikia inafanya kazi yake.

Hiyo ni kama hamna dawa yoyote ndani. Dawa zipo, na fundi ukizijua unajua pa kuangalia. Ya kwanza ni mapacha. Transista ikipata joto inapitisha mkondo zaidi hata kama hujaigusa, noti inapanda yenyewe, kwa hiyo unamwekea pacha wake anayefanana naye kabisa, mmoja anapanda mwingine anatoa kile kile kilichopanda, vinafutana. Ila lazima wawe kwenye joto moja, wakae wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, mmoja akikaa dirishani anapigwa upepo umeshapoteza. Ya pili ni resista maalum ambayo thamani yake inapanda na joto kwa kiasi kile kile, kama asilimia 0.33 au 0.35 kwa nyuzi, ili ile milivolti 18 inavyokua na yenyewe ikue nayo. Hii nayo lazima iguse mapacha, ndo maana ukifungua mashine za zamani unakuta resista moja imelazwa juu ya transista na imepakwa ile pesti nyeupe ya kupitisha joto. Kulikuwa na dawa kali zaidi, chipu ya Fairchild inaitwa µA726, transista mbili na hita yao humo humo, inajipasha yenyewe ikae kwenye joto moja hata chumba kikifanya vituko.

Kuna mashine moja nililetewa, haikuwa hii, mwenyewe analalamika inahama kila dakika tano, mafundi wawili wameshaipitia wakabadilisha kapasita zote, vile vipande vya kutunza umeme, bodi nzima. Nikafungua nikaangalia kwa tochi na miwani yangu ya kusomea, ile pesti imekauka imekuwa kama chokaa ya ukuta wa zamani, na resista imenyanyuka upande mmoja, unaweza kupitisha karatasi chini yake. Haimgusi tena mtu. Yaani dawa ipo ila mgonjwa haimezi. Nikafuta chokaa kwa pamba na spiriti, nikapaka pesti mpya, nikaikandamiza, nikaifunga na kauzi kembamba isinyanyuke tena. Kazi ya robo saa. Wenzangu walikuwa wameshakula hela ya kapasita thelathini.

Na wala sisi hatuhitaji Mmarekani aje atufundishe kwamba joto na tyuni ni ndugu. Nani hapa hajaona wapiga ngoma wanakusanya majani makavu na maboksi, wanawasha moto nyuma ya ukumbi wanaisogeza ngozi, wanapiga, wanasikiliza, wanaisogeza tena? Ngoma haipigwi ikiwa baridi na hamna mtu anayesema imeharibika. Nendeni Zanzibar mkamwangalie mpiga kanuni kabla ya taarab, chombo kina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila noti, anakaa pale na funguo yake muda mrefu kuliko wimbo wenyewe na hakuna anayemharakisha. Lakini mtu huyo huyo akinunua kitu chenye waya wa umeme anataka akichomeka tu kiwe tayari.

Hebu subiri niicheki. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nabonyeza A ile ile, sijagusa kitu... 437. Mnaona? Zimeshaondoka senti 12 hivi. Na ile makofi yenu sijui niwarudishie vipi. (Watu wanacheka.) Kaka pale nyuma, naona unahangaika na eksitensheni, angalia usijikwae.

Sasa niwaambie jinsi nilivyojifunza mimi, maana sijajifunza kwa kusoma. Mara ya kwanza Mzee kuniamini na hii mashine ilikuwa shoo ya ukumbini, hoteli sitaitaja. Tumefika saa kumi, ukumbi mtupu, AC inavuma mpaka unatafuta sweta, nikaiwasha nikaityuni hapo hapo osileta zote tatu, zimekaa kama mafiga, nikajiona fundi. Saa tatu usiku ukumbi umejaa, taa za jukwaani ziko sentimita hamsini juu ya mashine, watu wanacheza, jasho, wimbo wa pili tu osileta ya pili imeshakwenda zake na ya tatu inamfuata. Mtu mwenye akili angezungusha nobu za mbele, sekunde kumi. Mimi nini, mapumziko yalipofika nikachukua bisibisi nikafungua mashine nikaanza kuzungusha skrubu za ndani, na sio skrubu ya kupandisha noti, nilishika ile ya skeli, ile inayopanga umbali kati ya okteva na okteva. Nikaona 440 imerudi nikafunga. Imerudi kwenye noti moja ile ile niliyokuwa nabonyeza! Noti nyingine zote zilikuwa zimehama, kila ukienda mbali na noti ile kosa linazidi, ni vurugu.

Mzee alipanda jukwaani akabonyeza noti mbili, akaniangalia. Akasema, "Binti, imelala, unaiamsha na bisibisi?" Basi. Akazima osileta mbili, akabaki na moja, maana moja haina wa kugombana naye, na shoo yote iliyobaki akapiga hivyo hivyo mkono wa kushoto uko kwenye gurudumu la pichi, lile la kupandisha na kushusha noti, anairekebisha noti kwa noti kwa sikio. Hamna aliyejua zaidi ya mimi na yeye na mpiga besi. Kuirudisha skeli kama ilivyokuwa kulinichukua siku tatu.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote sikiliza inakosea vipi, maana kosa lenyewe linaongea. Kama noti zote zimeshuka sawa sawa, juu na chini, hiyo ni Tune tu, au ni gurudumu la pichi halijakaa katikati, na hili la gurudumu msilicheke, la Minimoog halina springi ya kulirudisha, lina kishimo tu cha kati unakihisi kwa kidole, kuna jamaa alisafiri na mashine yake kwa basi usiku mzima kuniletea, nikasukuma gurudumu likaingia kwenye kishimo, tak, nikamwambia nenda, sikumtoza ila soda. Kama kosa linaongezeka kadri unavyopanda juu, hiyo ndo skeli. Kama ni kii moja tu inatoa noti ya ajabu na jirani zake wazima, osileta haihusiki kabisa, ni kontakti ya ile kii imeshika uchafu, safisha. Kama inaruka ghafla kama mtu aliyechomwa sindano, alafu inarudi, tafuta swichi ya kuchagua okteva au trima, yaani kiskrubu cha kurekebishia, yenye kutu ndani. Na kama inasogea pole pole tu muda wote kuelekea upande mmoja, hiyo ndo joto, kaa chini ule muhogo.

Ukishasubiri, nusu saa angalau, mimi kwa kutyuni ya ndani nasubiri saa nzima na mfuniko nimeuegesha juu kama umefungwa maana ukiuacha wazi feni inapoza bodi, ndo unachukua mita. Sio bisibisi, mita. Unapima pawa saplai kwanza. Minimoog inataka volti 10 chanya na volti 10 hasi, mashine nyingine nyingi ni 15 na 15, na kama hizo hazijakaa usiendelee, maana kila kitu kinapimwa kutokea hapo, utakuwa unasawazisha picha kwenye ukuta uliopinda. Kapasita kubwa za saplai baada ya miaka arobaini huwa zimekauka, hizo nakubali zibadilishwe. Na kwa ajili ya Mungu angalieni nyuma imeandikwa 115 au 230 kabla ya kuchomeka, mashine iliyotoka Marekani bila transfoma ya kushusha umeme hutaityuni, utaizika.

Baada ya hapo ndo skeli. Kabla ya skrubu, piga picha na simu, alafu chora kijimstari kwa kalamu kwenye kila trima pale ilipo, ili ukipotea ujue njia ya kurudi nyumbani. Unachukua osileta moja, nyingine umezizima. Unabonyeza A ya chini, tuseme 110, unaiweka 110 kwa Tune. Unapanda okteva tatu, inatakiwa isome 880. Inasoma 890. Maana yake okteva zimetanuka, unapunguza skeli kidogo sana, kama mshale wa dakika unavyotembea dakika moja. Sasa ukirudi chini 110 haipo tena, imekuwa 108, kwa sababu ukigusa skeli na chini kunasogea. Unairudisha 110 kwa Tune, unapanda tena juu, 884. Unagusa, unashuka, unaweka 110, unapanda, 881. Unagusa, unashuka. Ni kama kupanga mafiga kwenye mchanga, ukisukuma moja lingine linazama, ila kila mzunguko kosa linapungua, mwisho unakaa 110 na 880 na kila kilichopo katikati kinaangukia mahali pake chenyewe. Alafu osileta ya pili, alafu ya tatu. Kule juu kabisa mashine nyingi huwa zinazama kidogo hata skeli ikiwa safi, kuna zenye trima yake ya juu, unaigusa mwisho kabisa, na kama haina unaishi nayo, mwanamuziki gani anakaa kule juu.

Na ile swichi ya A-440 msiiabudu, yenyewe ni saketi ya analogi ina trima yake ndani, nayo inazeeka. Nimekuta inayosoma 446 na mwenyewe amepiga hivyo miaka kadhaa akilalamika gitaa ndo libovu. Ilinganishe swichi hiyo na tyuna ya simu mara moja kwa mwaka.

Sasa nataka niongee kuhusu AC maana hapa ndo vijana wa studio mnanikosea. Mmesikia joto ni tatizo mnakimbilia AC, mnaielekeza kwenye mashine. Joto halina shida na sinthesaiza. Shida ni joto kubadilika. Chumba cha nyuzi 30 kinachobaki 30 mchana kutwa ni kizuri kuliko chumba cha 22 ambacho AC inazima inawaka, 21, 24, 21, 24, na kila ikiwaka inapuliza upande mmoja wa mashine, kwa hiyo osileta ya kwanza iko Mbeya na ya tatu iko Tanga. Geuza yale mapanga ya AC yatazame ukuta. Mashine usiiweke dirishani jua la saa tisa likaipata, usiiweke juu ya amplifaya, na ukishaanza kurekodi usiizime kila ukitoka kwenda kula, iache iwake.

Wenyewe wenye viwanda walihangaika na hili mpaka mwisho. Minimoog ina osileta tatu tu na za mwanzo zilikuwa zinahama mpaka wakaibadilisha bodi. Sasa fikiria mashine ya sauti nyingi, inayopiga noti kadhaa kwa pamoja. Yamaha CS-80 ya mwaka 1977, ile aliyoipenda mtunzi Vangelis, ina osileta 16 na uzito karibu kilo 100, haina kitufe cha kujityuni, unapita moja moja kwa mkono, na ukimaliza watu wanne wakaibeba kwenda chumba kingine unaanza upya. Memorymoog ya 1982 ina osileta 18, kuna mafundi ukiwatajia hilo jina wanaomba udhuru.

Aliyenifurahisha mimi ni Dave Smith wa kampuni ya Sequential kule California, Prophet-5 yake ya 1978 ina osileta 10 na ndani wameweka kompyuta ndogo ya Z80. Kuna kitufe cha Tune, ukibonyeza inanyamaza sekunde kadhaa, inamwita kila osileta peke yake, inampima dhidi ya saa ya kompyuta, inaandika huyu amezidi hivi huyu amepungua hivi, alafu ukipiga inamuongezea au inampunguzia kila mmoja deni lake. Akili kubwa. Lakini sikilizeni, ile inaandika deni la wakati ule uliobonyeza. Ukibonyeza ikiwa baridi imeandika madeni ya baridi, dakika ishirini baadae yamebadilika, kwa hiyo subiri, bonyeza, na kabla ya kupanda jukwaani bonyeza tena. Na osileta ikishaenda mbali sana kompyuta inashindwa kumvuta, hapo ndo unarudi kwenye trima na mkono.

Baadae mbunifu wa chipu Doug Curtis akatoa chipu ya CEM3340, osileta nzima kwenye kipande kimoja, mapacha na dawa ya joto humo humo, na hiyo imo kwenye Prophet-5 toleo la tatu, kwenye Roland SH-101, nyingi tu, ndo maana SH-101 ya mtu huwa inakaa kwenye tyuni. Alafu 1982 Roland wakaleta Juno-6, noti zote zinahesabiwa kutoka kwenye saa moja kuu, haziachani, na 1983 Yamaha wakaleta DX7 ya dijitali na watu wakatupa za analogi jalalani. Mnaocheka, bei zake za leo mnazijua.

Maswali? Dada pale.

(Dada mmoja aliuliza kama ni hivyo kwanini tusinunue zinazojityuni tu tukapumzika.)

Nunua, mi sikukatazi, Juno ni nzuri, hata harusini nakushauri Juno. Ila kuna kitu sijasema. Ukiziweka osileta tatu sawa kabisa mpaka wimbi life, sauti inakuwa nyembamba, kama mtu mmoja anaimba kwenye bomba. Kwaya ya watu watatu haina watu watatu walio sawa. Mimi nikimaliza kuweka skeli safi kabisa, mwisho nazungusha ya pili na ya tatu kidogo, mpaka nisikie wimbi moja linapita taratibu kila sekunde mbili hivi, uwaaaaa, hapo ndo unasikia unene. Kwa hiyo unahangaika saa nzima kuipanga ili mwisho uiharibu kwa kiasi unachokitaka wewe, sio inachotaka AC.

(Kijana kutoka Tanga aliuliza kuhusu unyevu wa pwani.)

Unyevu na chumvi ndo vinakula kontakti na trima. Usiifunike na nailoni, inatoa jasho humo ndani, funika na kitambaa, kanga inatosha. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu msitupe, viweke ndani ya boksi lake. Na iwashe angalau kila wiki mbili, saa moja, hata kama hupigi, joto lake lenyewe linakausha. Mashine iliyolala miaka miwili stoo ukiiwasha usiiguse trima yoyote siku hiyo, iwashe, zima, kesho tena, swichi na nobu zote zizungushe mwanzo mpaka mwisho mara ishirini, nusu ya magonjwa yanaondoka hapo bila hata tone la spirei ya kontakti.

Haya, nafikiri muda umeisha, saa kumi na dakika hamsini. Mashine imeshapata dakika arobaini na tano, sasa ndo iko tayari kwa ile tyuni ya ukweli, nilimuomba Mzee aje aifanye mwenyewe kwa sikio bila app alafu tumpime. Mzee, karibu. Mpisheni jamani. Kiti hicho hapo.

(Mzee alikaa, akarekebisha miwani, akabonyeza A. Kimya. Akabonyeza tena.)

Subiri... voliyumu iko juu... osileta zimewashwa... Nani kachomoa eksitensheni?

(Kicheko kirefu. Kaka wa nyuma alinyoosha mkono, simu yake iko chaji asilimia 64.)

Tangu saa ngapi? Tangu ile saa nilipokuambia usijikwae? Ee Mola. Mzee, samahani sana. Kaka, chomeka, chomeka hivyo hivyo usitoe hata samahani. Haya jamani, imewaka, saa kumi na dakika hamsini na tatu. Chai na vitumbua viko kule nje, mtakaotaka kumsikia Mzee rudini saa kumi na mbili kasorobo, na tafadhali huo mlango wa upande wa AC mtu aufunge akitoka.